Kuvu Iingiayo Ubongoni

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukizunguka kuwaona wagonjwa wa mtaa wetu, tulifika nyumbani kwa fundi mmoja wa kushona nguo. Baba huyu alikuwa amelala mkekani, kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani mwake. Wiki ya tatu sasa kichwa kilikuwa kikimwuma usiku na mchana. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara mbili, asipate nafuu. Kila alichokula alikitapika, na macho yake yalikuwa yameanza kuona watu wawili mahali alipo mmoja.

Jamaa zake wakampeleka hospitali. Mganga alipomtazama akasema: “Lazima tutoe maji kidogo katika uti wa mgongo, tuyapime.” Kaka yake mkubwa akakataa kabisa. “Sindano ya mgongo inaua,” akasema. “Wote niliowaona wakichomwa sindano hiyo tuliwazika.” Kisha akatugeukia sisi: “Mwalimu, ninyi mmesoma. Mwasemaje?”

Ndugu wasomaji, sisi tuliokaa miaka mingi seminarini, tuliofundishwa Kilatini na mambo mengine mengi, hatukuwa na neno la kumjibu. Tukasema tu: “Mambo ya jamaa huamuliwa na jamaa.” Wakamrudisha mgonjwa nyumbani. Siku ya sita tulimzika. Na pale kilioni wengine walianza kunong'ona juu ya jirani yake, mama mzee mjane, ya kuwa ndiye aliyemfunga kichwa.

Baadaye Sista mmoja, muuguzi wa hospitali, alitueleza ni ugonjwa gani aliouona katika dalili zile. Fundi yule alikuwa na sida, ambayo wengine waiita ukimwi. Naye alikuwa ameacha dawa zake kwa kuona haya. (Mke wake ametupa ruhusa ya kulieleza jambo hili.) Lakini kilichomwua kichwani kilikuwa kuvu. Tulishangaa sana. Kuvu ya namna ile inayoota juu ya mkate? Tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kuvu ni nini?

Kuvu si kitu kigeni kwetu. Mkate ukikaa siku nne wakati wa mvua huota manyoya. Viatu vilivyofungwa sandukuni hufanya unga mweupe. Uyoga tunaouokota porini nao ni wa ukoo huo huo. Hata chachu wanayotia mama zetu katika unga wa mikate ni kuvu. Chachu ni vijipunje vidogo mno, kila kimoja chaishi peke yake, navyo huongezeka kwa kuchipua, mtoto akitoka ubavuni mwa mama yake.

Kuvu si mmea, wala si mnyama. Kazi yake kubwa ni kula vitu vilivyokufa, kama vile majani makavu, magogo na samadi. Pasipo kuvu misitu yetu ingejaa magogo yasiyooza. Wenye elimu wameandika majina ya aina zaidi ya 100,000, lakini zile ziwezazo kumletea mtu ugonjwa ni mia chache tu.

Kwa nini ni chache hivi? Sababu ya kwanza ni joto. Mwili wa mtu una joto la digri 37, na kuvu nyingi hupenda ubaridi wa udongo. Zikiingia mwilini haziwezi kuota. Sababu ya pili ni askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe za damu, ambazo huzunguka kila mahali na kumeza kila kigeni zinachokikuta. Basi, kuvu itakayomwua mtu lazima iweze mambo mawili: kuvumilia joto letu, na kuwashinda askari wetu.

Mwanamke wa Greifswald

Habari ya kuvu yetu yaanza mwaka 1894 katika mji wa Greifswald, kaskazini ya Ujerumani. Mwanamke wa miaka 31 alikuwa na uvimbe katika mfupa wa mguu, chini ya goti. Waganga wawili, Otto Busse na Abraham Buschke, waliuchunguza uvimbe huo. Ulifanana na uvimbe wa kansa. Lakini Busse alipoweka sehemu yake chini ya mikroskopi, kile chombo cha kukuza vitu vidogo, aliona vijipunje vya mviringo mfano wa chachu. Akavipanda, vikaota. Mwanamke yule hakupona. Alipokufa, vijipunje vile vile vilikutwa katika viungo vingine vya mwili wake.

Mwaka ule ule wa 1894, huko Italia, Francesco Sanfelice aliikuta chachu ya namna hiyo katika maji ya matunda yaitwayo pichi. Alipowachoma wanyama nayo, wakaugua. Akaipa jina la Kilatini neoformans, maana yake “ifanyayo uvimbe mpya”, kwa sababu siku zile waganga kadhaa walifikiri ya kuwa kansa huletwa na chachu. Hilo lilikuwa kosa, lakini jina limebaki hata leo. Mwaka 1901 Mfaransa Jean-Paul Vuillemin aliona ya kuwa chachu hii haichachishi kitu kama ifanyavyo chachu ya mkate au ya pombe. Akaitenga nayo, akaiita Cryptococcus, kwa maneno mawili ya Kigiriki: kryptos ni kitu kilichofichika, kokkos ni punje. Punje iliyofichika! Jina hili laifaa kweli, kama tutakavyoona. Sisi tutaiita kriptokoko.

Mwaka 1905, huko Berlin, David von Hansemann aliandika habari ya mgonjwa ambaye kuvu hii ilikuwa imeshambulia utando unaofunika ubongo. Ndio ugonjwa waganga wauitao meninjiti. Mwaka 1916 Wamarekani wawili, James Stoddard na Elliott Cutler, walichungua kwa bidii vipande vya ubongo wa wagonjwa wa namna hiyo. Waliona nafasi nyeupe kuizunguka kila punje, wakadhani ya kuwa kuvu inayeyusha nyama ya ubongo. Wakaipa jina jingine, maana yake “iyeyushayo nyama”. Kumbe nafasi ile nyeupe haikuwa shimo. Ilikuwa koti la kuvu yenyewe, koti nene la utelezi lisiloshika rangi waliyoitumia.

Hivyo kuvu moja ikawa na majina mengi, kila mganga akidhani ameona adui mwingine. Katika miaka ya 1930, Rhoda Benham, mwanamke mwenye elimu kubwa wa New York, alikusanya kuvu zilizotolewa katika wagonjwa wa mahali mbalimbali, akazilinganisha moja moja, akaonyesha ya kuwa ni kitu kimoja. Ilipita miaka kama 40 tangu mwanamke wa Greifswald mpaka watu wakajua kwamba adui ni mmoja.

Njiwa na udongo

Lakini adui huyu anakaa wapi? Jibu lilikuja kwa Chester Emmons, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchungua kuvu katika taasisi za afya za serikali ya Marekani. Mwaka 1951 alieleza ya kuwa ameipata kriptokoko katika udongo wa kawaida. Mwaka 1955 akaonyesha mahali inapopatikana kwa wingi mno, ndipo katika viota na mavi makavu ya njiwa. Njiwa wenyewe kwa kawaida hawaugui, kwa maana mwili wa ndege una joto kupita wetu, na kuvu hii hailivumilii. Ndege hawa huishi karibu na watu, juu ya mapaa na minara. Mavi yao hukauka, huwa vumbi, na vumbi huchukuliwa na upepo.

Msomaji asikimbilie kuwaua njiwa wake. Kuvu hii hupatikana pia katika udongo, na katika miti iliyooza kwa ndani. Hata ukimwua njiwa wa mwisho wa mtaa, utaivuta hewa ile ile. Afadhali tujue jinsi inavyoingia, na kwa nini mmoja huugua na mwingine haugui.

Jinsi inavyoingia mwilini

Mlango wake ni pua na kinywa. Punje zilizokauka ni ndogo sana. Twazivuta pamoja na vumbi, nazo hushuka mpaka ndani ya mapafu. Hatusikii kitu. Mwaka 2001 wachunguzi wa New York waliandika ya kuwa wamepima damu ya watoto wa mtaa mmoja wa mji ule, uitwao Bronx, wakakuta ya kuwa wengi wa wale waliopita miaka miwili walikuwa na alama katika damu zao, yaani miili yao ilikwisha kukutana na kuvu hii. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wa kriptokoko. Askari wao waliishika.

Kuishika si kuiua kila mara. Mwaka 1999 wachunguzi wa Ufaransa walilinganisha kuvu za wagonjwa waliozaliwa Ulaya na za wagonjwa waliozaliwa Afrika lakini wakaao Ufaransa. Kuvu za Waafrika hawa zilikuwa za ukoo mwingine, ingawa wengi wao walikuwa wamekaa Ufaransa miaka mingi bila kurudi kwao. Maana yake nini? Walikuwa wameivuta zamani, huku kwetu, nayo ililala ndani yao miaka yote hiyo, ikingoja. Punje iliyofichika!

Nayo yawezaje kuishi katika mikono ya askari? Ile chembe nyeupe ya damu humeza punje ya kuvu, kama imezavyo wadudu wengine, ili iiyeyushe. Lakini kriptokoko ina koti lake, na ndani ya koti ina rangi nyeusi inayoikinga. Mara nyingi haiyeyuki. Yakaa ndani ya tumbo la askari, yaongezeka humo, na tena yaweza kutoka nje. Mwaka 2001 Arturo Casadevall na wenzake walieleza jinsi ilivyoweza kupata ujuzi huo. Katika udongo kuna vidudu vidogo viitwavyo ameba, navyo hula kuvu kwa kuzimeza. Kriptokoko imeshindana na ameba muda mrefu mno, ikazoea kuishi baada ya kumezwa. Inapoingia kwetu, chembe nyeupe ya damu ni kama ameba mwingine tu. Kuvu hii haikujifunza kupigana kwa ajili yetu. Ilijifunza udongoni, na sisi twapatwa na vita isiyokuwa yetu.

Askari wa mwili wakiwa wengi na wenye nguvu, kuvu hulala. Wakipungua, huamka. Hupita katika damu mpaka ubongoni, pengine ikiwa imejificha ndani ya askari wale wale, kama mwizi aliyejificha katika gari la polisi. Ikiisha kufika huongezeka katika maji yanayouzunguka ubongo, na makoti yake ya utelezi huziba njia ambazo maji yale hutokea. Maji hukosa pa kutokea, nayo hukandamiza ubongo. Ndipo kichwa huuma bila kukoma, mgonjwa hutapika, shingo hukaza, macho huona viwili viwili au hupofuka, na akili huanza kupotea.

Twaomba lijulikane neno moja: ugonjwa huu hautoki kwa mgonjwa kwenda kwa mwenzake. Kula naye, kumwosha, kulala katika chumba chake, hayo yote hayaleti ugonjwa. Tumewaona wagonjwa wakitengwa pasipo sababu.

Habari za kwetu Kongo

Sasa tuje kwetu. Katika miaka ya 1950 waganga wa Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, waliandika habari za wagonjwa wa kwanza wa meninjiti ya kriptokoko waliowaona hapa. Walikuwa wachache sana. Ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ajabu, ambao mganga huweza kumaliza kazi yake bila kuukuta.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, waganga wa Kinshasa walianza kuona jambo jipya. Wagonjwa wa kuvu hii walikuwa wakiongezeka. Walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu, wake kwa waume, ambao hawakuwa na sababu inayojulikana ya kuishiwa na askari wa mwili. Mwanamke mmoja wa Kinshasa alitibiwa Ubelgiji mwaka 1977. Waganga wakakuta kriptokoko, na mwaka 1978 akafa. Hawakuelewa kwa nini.

Mwaka 1981 habari za sida ziliandikwa mara ya kwanza huko Marekani. Mwaka 1983 waganga wa Ubelgiji waliomtibu mwanamke yule waliandika ya kuwa, wakikumbuka sasa dalili zake, yaelekea alikuwa na ugonjwa huo huo mpya. Mwaka ule ule mganga Nathan Clumeck wa Brussels alieleza habari za Waafrika walioletwa kwake wakiwa na sida. Ndipo mwezi wa Oktoba 1983 wachunguzi wa Ubelgiji na Marekani, akiwamo Peter Piot, walifika Kinshasa katika hospitali iliyoitwa wakati ule Mama Yemo. Walifanya kazi pamoja na Daktari Kapita Bila Minlangu, aliyekuwa mkuu wa wodi za magonjwa ya ndani, ambaye alikwisha kuona kwa macho yake jinsi vyumba vilivyojaa. Katika wiki tatu tu walipata wagonjwa 38 wa sida, wanaume na wanawake karibu sawasawa. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1984. Ilibatilisha neno la wale waliodhani ya kuwa sida ni ugonjwa wa watu wa namna fulani tu.

Leo twajua zaidi. Damu iliyotolewa mjini Léopoldville mwaka 1959 na kuwekwa akiba ilichunguzwa baadaye sana, na mwaka 1998 ikaandikwa ya kuwa virusi vya sida vilikuwamo. Wachunguzi wengine, mwaka 2014, walikadiria ya kuwa virusi vilianza kuenea mjini humo karibu na mwaka 1920. Basi ugonjwa ulikuwapo kati yetu miaka mingi bila jina. Nani aliyetoa ishara? Kuvu ilikuwa mojawapo. Kabla sida haijapewa jina, kriptokoko ilikuwa ikiwaambia waganga wa Kinshasa: watu hawa wameishiwa na askari. Kwa hiyo mganga mwenye busara, akiikuta kuvu hii leo, huuliza mara moja kama mgonjwa amepimwa virusi. Lakini si kila mgonjwa wa kriptokoko ana sida. Wengine wamedhoofishwa na dawa kali au na magonjwa mengine. Mtu asihukumiwe kwa kuwa kichwa kinamwuma.

Dawa

Mpaka katikati ya miaka ya 1950 meninjiti hii ilikuwa hukumu ya kifo. Karibu wote walikufa. Dawa ya kwanza yenye nguvu ilitoka, kama kuvu yenyewe, katika udongo. Udongo ule ulichukuliwa karibu na mto Orinoco katika nchi ya Venezuela, na ndani yake mlikuwa na kijidudu kinachotengeneza sumu ya kuua kuvu. Sumu hiyo ikawa dawa iitwayo amfoterisini. Iliwaponya watu waliokuwa wakifa, lakini iliwatetemesha kwa baridi na homa, na iliumiza mafigo yao. Baadaye ikaja flusitosini, na karibu na mwaka 1990 flukonazoli, ambayo ni kidonge cha kumeza.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Afrika, akipata dawa, alipata flukonazoli peke yake, nayo peke yake haitoshi kuizuia kuvu iliyokwisha kuenea. Mwaka 2022 matokeo ya uchunguzi mkubwa yalichapwa. Uchunguzi huo ulifanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Walitumia amfoterisini iliyofungwa ndani ya vijitone vya mafuta, isiyoumiza sana mafigo. Wakaitoa mara moja tu, dozi moja kubwa, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ilionekana kuwa njia hii haishindwi na ile ya zamani ya kuchomwa dawa kila siku kwa wiki nzima, tena madhara yake ni machache. Mwaka ule ule Shirika la Afya Ulimwenguni liliwashauri waganga waifuate njia hiyo. Na mwezi wa Oktoba 2022 shirika hilo lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za hatari, 19 kwa hesabu. Kriptokoko iliwekwa katika daraja la juu kabisa.

Kwa nini daraja la juu? Wachunguzi walikadiria ya kuwa kwa mwaka mmoja, 2020, watu wenye virusi vya sida wapatao 152,000 walipatwa na meninjiti hii duniani, na 112,000 walikufa. Kati ya hao waliokufa, 71,000 walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Dawa nzuri zipo, lakini hazijafika katika kila hospitali, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa huko kwaweza kuzuiwa. Sehemu za koti la kuvu hutoka na kuingia katika damu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Huko Entebbe, Uganda, wachunguzi walionyesha mwaka 2002 ya kuwa dalili hiyo yaweza kuonekana katika damu kama wiki tatu kabla ya ugonjwa, pengine zaidi. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo kidogo, mfano wa karatasi, kitoacho jibu kwa muda wa dakika kumi hivi. Mwenye virusi ambaye askari wake wamepungua sana apimwe hivyo. Akionekana anayo kuvu na ubongo bado haujaguswa, vidonge vyaweza kumkinga.

Sindano ya mgongo

Turudi kwa kaka yake fundi na neno lake: “Sindano ya mgongo inaua.” Hakuwa mjinga. Alisema alichokiona. Lakini tulipochungua tuliona mambo mawili.

La kwanza, sindano hiyo huchomwa kwa nani? Kwa mgonjwa aliye taabani. Kwa kuwa watu huiogopa, huikataa siku ya kwanza, huikataa siku ya tano, na siku ya kumi, mgonjwa akiwa hajitambui, hukubali. Mgonjwa akifa, sindano hulaumiwa. Ni kama kusema ya kuwa padri mwenye mafuta ya wagonjwa ndiye anayeleta kifo, kwa sababu amekuwa akiitwa saa ya mwisho.

La pili, na hili hatukulijua kabisa: sindano hiyo si ya kupima tu, hutibu pia. Mganga Mjerumani Heinrich Quincke, aliyeianzisha mwaka 1891, alitaka kwa njia hiyo kupunguza maji yaliyokuwa yakikandamiza ubongo. Ndicho kinachohitajiwa katika ugonjwa wetu. Maji yakitolewa kiasi, uzito wa kichwa hushuka. Wagonjwa wengine husema wamepata nafuu wakiwa bado kitandani pale pale. Katika uchunguzi wa Uganda na Afrika Kusini uliochapwa mwaka 2014, wagonjwa waliotolewa maji tena baada ya mara ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa katika siku za mwanzo iliyopungua kupita nusu. Mganga huchoma chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma, si katikati ya mgongo kama watu wanavyodhani. Naye hutazama kwanza kama hakuna jambo la kumzuia.

Basi, msomaji, ikiwa katika nyumba yako yuko mtu ambaye kichwa kimemwuma wiki nzima na zaidi, na dawa ya malaria haikumsaidia, usingoje. Hasa kama ana virusi vya sida, au ameacha dawa zake, mpeleke hospitali, umwambie mganga kweli yote. Wala asianze au kuanza tena dawa za sida kwa siri wakati kichwa kinauma hivyo. Mwaka 2014 ilionyeshwa ya kuwa katika ugonjwa huu wale waliongoja wiki chache, kuvu ikatibiwa kwanza, walipona wengi kuliko wale walioharakishwa. Mganga ndiye atakayepanga siku. Na akiomba maji ya mgongo, uliza yote unayotaka kuuliza, kisha umruhusu.

Tulipokwisha kujua haya, tulikwenda kwanza kwa yule mama mjane. Tukamwomba radhi, kwa sababu tulisikia manong'ono yale kilioni, tukanyamaza mara ya pili. Kisha tulikwenda kwa kaka yake fundi, tukakaa naye chini ya mwembe wake, tukamweleza habari ya njiwa, ya koti, ya maji na ya sindano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Mwalimu, mbona hamkutuambia siku ile?”

Tukamjibu kweli: “Hatukujua.” Akakaa kimya muda mrefu, akasema: “Basi waambieni wengine.” Ndiyo sababu tumeandika.